Mwaka Kanisa Letu Lilipogeuzwa Zizi

Kanisa letu lilinukia udongo mbichi. Kila Jumamosi wanawake walisiliba sakafu kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo mwekundu, na Jumapili asubuhi, kabla jua halijapanda, ukiingia ulipokewa na ubaridi wa sakafu ambayo haijakauka sawasawa, pamoja na harufu ile ambayo siwezi kumweleza mtu aliyekulia kwenye saruji akanielewa. Lilikuwa tembe kama nyumba zetu nyingine zote za Ugogo, refu na la chini, lenye paa bapa lililofunikwa udongo, na vidirisha vidogo ambavyo kichwa cha mtoto kilipita lakini mabega yakakwama. Wakubwa walikaa juu ya magogo, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na sisi watoto tulikaa chini kwenye ngozi za mbuzi. Nje, kwenye tawi la mgunga, kilining'inia kipande cha reli. Wajerumani walikuwa wamepitisha njia ya gari la moshi Dodoma nikiwa mdogo sana, na baba alikiomba kipande hicho kwa wajenzi akakibeba begani mpaka kijijini. Alikipiga kwa nyundo, na kwa kuwa nchi yetu ni tambarare, sauti yake ilifika hata kwa wachungaji waliokuwa mbali na ng'ombe wao.

Baba aliitwa Mwalimu Danieli. Alikuwa amesoma kwenye misheni kubwa, kisha Mzungu wa misheni, Mwingereza, akamrudisha kijijini kwetu, kati ya Mvumi na reli, afundishe kusoma na aongoze sala. Mzungu mwenyewe alikuja mara chache akiwa juu ya punda wake, akabatiza, akala ugali wetu wa uwele bila kulalamika, akaondoka. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa baba. Tuliokuwa tunasali tulikuwa nyumba chache tu. Watu wengine wote walifuata njia za wazee wao, na hawakutuchukia; walituona kama watu wenye tabia ya ajabu, mfano wa mtu anayekataa kula nyama ya ndege fulani. Wakati wa tambiko la mvua, wazee walipotangaza kwamba asiwepo wa kugusa jembe mpaka shughuli ziishe, baba naye aliwaambia Wakristo waweke majembe chini. Hatukwenda kwenye tambiko, na hatukunywa pombe yake, lakini hatukulima. Wazee waliridhika na hilo. Nadhani hata baba aliona kwamba watu wamekubaliana vizuri, ingawa makubaliano hayo hayakuwahi kutamkwa na yeyote.

Bibi yangu, mama yake baba, tuliishi naye kwenye tembe letu, na hakuwa Mkristo. Alikuwa miongoni mwa wanawake wazee waliopika pombe ya tambiko, kazi ambayo hawakupewa watu hivi hivi. Dini ya baba ilimuudhi. Alisema ilimfanya mwanawe aoe mke mmoja kama maskini, na ilimfanya azungumze kwa upole kama mtu anayeumwa. Baba akigonga kile chuma, Bibi alitema mate nje ya mlango akasema, "Danieli, chuma chako kinaamsha kuku wangu." Baba alicheka akaendelea kugonga. Hiyo ndiyo ilikuwa vita yetu ya dini, kabla ya ile nyingine kufika.

Vita ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe tuliisikia kwanza kama habari ya mbali. Kisha ng'ombe wakaanza kuchukuliwa. Kisha nafaka. Halafu tukasikia kwamba yule Mzungu wetu wa misheni amekamatwa na Wajerumani pamoja na wenzake, wamepelekwa Tabora, kwa sababu serikali za kwao zinapigana. Mama aliposikia alimwuliza baba, "Na sisi je?" Baba akajibu, "Sisi si Waingereza." Aliona jibu hilo limetosha. Alikuwa mtu wa akili, lakini katika jambo hilo alifikiri kama mtoto.

Walikuja wakati wa kupura. Uwele ulikuwa umetandazwa kwenye kiwanja mbele ya nyumba, vumbi la makapi limejaa hewani, nami nilikuwa nimepewa ungo mdogo nipete pamoja na mama. Wakati huo nilikuwa sijaruhusiwa bado kubeba mtungi mkubwa, ndivyo ninavyoukumbuka umri wangu. Akida, mtumishi wa serikali ya Wajerumani, alitangulia. Alikuwa mtu wa mjini Dodoma, mwenye kanzu na kilemba, na nyuma yake walikuwapo askari wa boma pamoja na jumbe wetu, mkuu wa kijiji. Jumbe huyo hakuwa mgeni kwetu. Alikuwa mtoto wa kaka yake Bibi, yaani yeye na baba walikuwa binamu na walichunga pamoja walipokuwa wadogo. Siku hiyo alisimama nyuma ya askari akitazama miguu yake.

Akida aliuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu Danieli ni nani?"

"Ni mimi, bwana. Shikamoo."

"Kile chuma unampigia nani?"

"Nawapigia watu waje kusali."

"Boma limeambiwa unawapigia Waingereza. Unawaonyesha njia."

Baba alitazama mashariki, halafu magharibi, kana kwamba anawatafuta kweli. "Waingereza niliowafahamu mmewachukua, bwana," alisema. "Wengine siwajui."

Askari mmoja alimpiga kofi la sikio, kisha akampiga tena. Wakamfunga mikono, wakamtia kamba shingoni na kumwunganisha na wanaume wengine wawili ambao walikuwa wamekwisha kuwakamata katika vijiji vya jirani, walimu kama yeye. Mama alikimbia ndani akaleta kibuyu cha maji, na askari wakamruhusu baba anywe. Alipomaliza alimwambia mama, "Yule mbuzi mweusi ana kidonda kwenye kwato. Msafishe kwa maji ya chumvi, usiache." Halafu wakaondoka. Hakusema neno la kuaga, wala la kututia moyo, wala aya ya kitabu. Mimi nilikuwa bado nimeshika ungo wangu, na nikaendelea kupeta. Nakumbuka makapi yakiruka na punje zikibaki, na nakumbuka kwamba nilipeta vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Mama alinitazama akaniacha. Sikulia siku hiyo, na siku zilizofuata pia sikulia, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba kulia ni kitu ambacho watoto wengine wamefundishwa nami nikapitwa.

Jioni ile ile mama alimsafisha mbuzi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Chuma kilishushwa kutoka kwenye mgunga kikachukuliwa. Magogo ya kanisani askari waliyapikia ugali, na vitabu wakavitumia kuwashia moto. Kisha mlango wa kanisa ukapanuliwa kwa shoka, na ng'ombe waliokusanywa kutoka vijiji vya pande zote wakaingizwa humo wasubiri kupelekwa kwenye reli. Walikaa kundi moja, wakaondoka, likaja kundi jingine. Mkojo wao ulitoka chini ya ukuta ukatengeneza mfereji mpaka njiani. Jumbe akatangaza amri: Wakristo wasikusanyike, wasiimbe, wasifundishe watoto kusoma. Anayetaka kumwomba Mungu wake amwombe akiwa peke yake nyumbani kwake, kimya.

Basi wanawake wakahamia kwenye vinu. Kutwanga hakukukatazwa, na tangu zamani wanawake wa nyumba jirani walitwanga pamoja wakiimba nyimbo za kutwangia. Mama na wenzake walileta vinu vyao uani kwetu, na juu ya mdundo wa michi wakaweka sauti za nyimbo za kanisa, wakiziguna puani bila maneno. Katikati mama alisema sala kama mtu anayepiga soga. "Baba yetu uliye mbinguni," alisema, akainua mchi, "jina lako litukuzwe," akaushusha. Aliyepita njiani aliona wanawake wanatwanga. Bibi alikaa kwenye kivuli cha ukuta akichambua mlenda, na hakuna lililompita. Siku moja alisema, "Mnatwanga maneno mengi kuliko uwele." Mama aliinamisha kichwa. Bibi akaendelea kuchambua mlenda, na hakumwambia mtu.

Lililotuumiza zaidi lilikuwa upagazi. Jeshi lilihitaji watu wa kubeba mizigo, na jumbe alitakiwa kuwatoa. Aliwatoa kwanza wanaume wa nyumba za Kikristo. Tuliwaona wakipanga mstari, tukawaona wakienda, na wengi wao hatukuwaona tena. Rafiki mkubwa wa mama, aliyeitwa Marita, mume wake alipotajwa, alikwenda mbele ya jumbe akasema ameiacha dini, yeye na mume wake na watoto. Akafungwa hirizi mkononi watu wakiona. Mume wake akabakishwa. Siku iliyofuata Marita hakuja kwenye vinu. Mama alichota mlenda kwenye bakuli, akanipa nimpelekee, na Marita akalipokea bakuli huku ameficha ule mkono wenye hirizi nyuma ya mgongo. Mimi sikumhukumu wala sikumhurumia. Nilisubiri bakuli, nikarudi nalo.

Habari za baba tulizipata kwa Mzee Hamisi. Alikuwa Mwislamu wa mjini, mjukuu wa watu waliokuja na misafara ya zamani, na alizunguka vijijini na punda akiuza chumvi na vitambaa vya kaniki. Kila mwaka alipita kwetu, na kila mwaka baba alimkaribisha, wakabishana juu ya manabii mpaka Bibi akawaambia wanyamaze. Safari hii alipofika hakushusha mzigo. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, mbele ya mama.

"Mama Sechelela," alisema, kwa maana hilo ndilo jina langu, "nimemwona mwalimu. Nilimwona kwenye stesheni ya Zuzu. Gari la moshi lilisimama pale kuchukua maji, na wafungwa walikuwa kwenye behewa la mizigo. Niliomba niwape maji. Mkubwa wa askari alikataa, nikaomba tena, akakubali."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Amekonda. Sikio moja halisikii. Nilimwuliza, mwalimu, niwaambie nini nyumbani? Akaniuliza kama mbuzi amepona."

Mama alisimama akaingia ndani. Tulimsikia akicheka humo, kicheko kirefu. Mzee Hamisi alinitazama kama vile ananitaka radhi. Alimwachia Bibi chumvi kwenye jani, akakataa kupewa chochote, na wakati wa kuondoka alisema kwamba kila baada ya sala yake anamtaja Mwalimu Danieli. Bibi akamjibu, "Na wewe pia una dini ya kelele, lakini asante." Baada ya hapo Mzee Hamisi alipita kila alipoweza, ingawa kufika nyumba yetu siku hizo hakukumletea mtu sifa njema.

Mvua ikakawia. Watu walikuwa wamekwisha kupanda kwenye udongo mkavu wakiingoja, na mbegu zikaliwa na mchwa. Nafaka ya ghalani ilikuwa imechukuliwa na jeshi. Njaa ilipoanza kuuma, watu walitafuta sababu, na sababu ilikuwa karibu. Nilisikia kisimani wasichana wenzangu wakisema kwamba mizimu imekasirika kwa sababu wapo watu wanaoidharau. Hawakunong'ona, walisema nikiwa nimesimama nao, huku wakinisaidia kujitwisha mtungi. Sikuona ajabu. Nilikuwa nimefika mahali ambapo maneno yaliingia na kutoka.

Ndipo ikaja ile siku. Ilikuwa mchana, jua limesimama, na kiwanja cha mbele ya nyumba yetu kilijaa watu kuliko nilivyowahi kuona. Akida alikuwapo, amekuja kuhesabu ng'ombe, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja pembeni. Jumbe alisimama katikati. Pombe ya tambiko ilikuwa imeletwa kwenye mtungi wake, na kibuyu cha kunywea juu yake. Jumbe alitangaza kwamba kila Mkristo aliyebaki atakuja mbele, atakunywa, atafungwa kitambaa cheusi cha mvua, na atasema mbele ya wote kwamba ameiacha dini ya Waingereza. Atakayekataa nyumba yake itabomolewa, naye atoke katika nchi hii yeye na watoto wake. Mwaka ule kutoka kijijini maana yake ilikuwa kufa njiani, na kila mtu pale alijua.

Baadhi walikunywa. Niliwaona, na sitawataja. Mzee mmoja alikunywa kwa haraka mpaka pombe ikamwagikia kifuani. Kisha jumbe akamwita mama.

"Mke wa Danieli, unakunywa au hunywi?"

Mama alikuwa amemshika mdogo wangu Mika kiunoni. "Sinywi," alisema.

"Na watoto?"

"Watoto ni wa baba yao. Mwulizeni huyo mliyempeleka."

Watu waliguna. Jumbe alionyesha kwa mkono, na vijana wawili wenye majembe wakaanza kuja kuelekea ukutani mwetu. Nilisimama pembeni ya mlango. Nilijua kwamba nyumba itabomolewa, na nilichofikiri ni kuku watakimbilia wapi.

Bibi alitoka ndani. Alipita mbele yangu bila kuniona, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mtungi, akachukua kibuyu kutoka mkononi mwa mtu aliyekishika. Hakupaza sauti. Siku zote sauti yake ilikuwa ya mtu anayegombana, na siku hiyo pia ilikuwa hiyo hiyo.

"Pombe hii nani ameipika?" aliuliza.

Alikiinua kibuyu watu wakione.

"Nimeipika mimi. Nimeipikia wazee wetu waliolala chini. Sikuipika ili watu washikwe vichwa wanyweshwe kama ndama mgonjwa. Anayekunywa bila kutaka anaitemea. Mvua gani itakuja kwa pombe iliyotemewa mate?"

Jumbe alisema, kwa upole, "Shangazi, hawa ndio waliokuchukulia mwanao."

"Mwanangu hakuchukuliwa na hawa," alisema Bibi. "Mwanangu amechukuliwa na mtu aliyetaja jina lake bomani. Na mtu huyo alikula kwenye chungu changu akiwa mtoto."

Nilimwona jumbe akifumba macho. Bibi akamwaga kile kilichokuwa ndani ya kibuyu, polepole, chini, kisha akageuka akarudi mpaka mlangoni kwetu, akakaa kwenye kizingiti akanyoosha miguu yake iliyokauka.

"Nyumba hii nimeijenga na mume wangu," alisema. "Waliomo ndani wana upuuzi wao, na mimi ndiye ninayeusikia kila siku, ninyi hamuusikii. Anayebomoa aanze hapa nilipo."

Wale vijana wenye majembe waliangaliana. Mmoja wao alikuwa mtoto aliyemwita Bibi yangu bibi. Aliliweka jembe begani akarudi kati ya watu. Jumbe alimtazama akida, na akida, ambaye nadhani alikuwa amechoka na jua letu, alisimama akajipangusa uso. "Mambo ya ukoo wenu malizeni wenyewe," alisema. "Mimi nimekuja kwa ajili ya ng'ombe." Kiti chake kikakunjwa. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kama wanavyoondoka msibani wakati hakuna chakula. Mtungi ukabaki pale katikati ya kiwanja mpaka wanawake wazee walipokuja kuuchukua.

Mama alipiga magoti mbele ya Bibi. Bibi alimwambia, "Usidhani nimeingia dini yenu. Nipe maji." Akanywa, akaendelea kukaa kizingitini mpaka jua likashuka, na kesho yake akakaa tena, na siku nyingine nyingi baada ya hiyo. Akitaka kujisaidia alimweka mama yangu akae badala yake, kama mtu anayelinda mtama dhidi ya ndege. Mvua ilikuja baadaye, kidogo, kwa kuchelewa. Wa tambiko walisema ni yao, na kwenye vinu wanawake walisema ni jibu la sala. Haikutosha kuivisha mazao ya upande wowote.

Waingereza walifika, Wajerumani wakaondoka wakiwa wamechukua ng'ombe wa mwisho. Baba alirudi miezi kadhaa baadaye kwa miguu. Nilimwona kwa mbali nikadhani ni mzee fulani anayeomba chakula. Shingoni alikuwa na kovu lililozunguka kama uzi, na ukitaka akusikie ilikubidi usimame upande wake wa kushoto. Bibi alikuwa wa kwanza kumfikia. "Mbukwa," alimsalimu, kwa salamu yetu ya Kigogo, kama anavyosalimiwa mtu yeyote anayepita njiani. Baba akaitikia. Bibi akamtazama shingo, akaondoka kwenda kuteleka chungu. Mimi nilimwamkia baba, akaweka mkono kichwani pangu. Nilingoja nijisikie jambo. Mkono ulikuwa mzito, basi.

Kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuondoa samadi kanisani. Tuliichimba kwa majembe kwa sababu ilikuwa imeganda kama ukuta, tukaitoa nje kwenye vikapu, na baba akawaalika majirani wote, waliokunywa na wasiokunywa, waje waichukue wakaiweke mashambani. Wengi walikuja, Marita akiwa mmoja wao. Alisimama mbali na kikapu chake mpaka baba akamwita kwa jina, akamwonyesha mahali alipokuwa akikaa zamani, na akamwuliza kama bado anakumbuka nyimbo. Marita akasema anakumbuka. Maneno yao yaliishia hapo.

Ofisa wa Kiingereza alipita akikusanya habari za waliotesa Wakristo. Alimtaka baba aseme nani alimshitaki bomani. Vijana wetu wa kanisa walikuwa wamejaa furaha. Walitaka jumbe afungwe kamba ile ile na apelekwe njia ile ile. Baba alimjibu ofisa, "Simjui." Vijana walimkasirikia. Jioni yake baba alikwenda nyumbani kwa jumbe, akakaa huko muda, akarudi. Sijui walizungumza nini. Mama alipomwuliza alisema walizungumza habari za ng'ombe. Na tuliposikia kwamba sasa wamisionari wa Kijerumani, katika sehemu nyingine za nchi, nao wanakamatwa na Waingereza pamoja na familia zao, watu walifurahi kanisani. Baba hakuwakemea. Alisema tu, "Nao wana watoto," akaendelea na somo.

Bibi alifariki katika njaa kubwa iliyofuata vita. Hakubatizwa. Kuna waliomshauri baba ambatize akiwa hana nguvu za kukataa, na baba akasema, "Hapana. Mama yangu ametukataza kumnywesha mtu asichotaka." Alimchimbia kaburi kwa mikono yake, kisha akarudi nyuma akawaacha wazee wafanye taratibu zao zote mpaka mwisho, naye akasimama pale kichwa wazi.

Mimi sasa nimekuwa mzee kuliko alivyokuwa Bibi. Kanisa letu ni la matofali na mabati, na lina kwaya mbili zinazogombea zamu. Dodoma imeitwa makao makuu, na wajukuu wangu wanapanda basi kwenda huko na kurudi siku hiyo hiyo. Jumapili mchungaji hutuambia tuwaombee Wakristo wa nchi za mbali ambao wamefungwa au wamefukuzwa makwao kwa ajili ya imani, habari ambazo yeye huzisikia redioni. Watu hulia, hupiga magoti. Kwa kuwa wanajua habari za baba yangu, huniomba nisimame nitoe ushuhuda. Hutaka niwaeleze juu ya kamba na sikio. Nami huwaeleza juu ya Bibi, na naona nyuso zao zinavyongoja sehemu ile ambapo anaokoka. Msichana mmoja aliwahi kuniuliza kama Bibi yuko mbinguni. Nilimjibu kwamba sina kazi ya kupanga viti huko. Kisha kwaya ikaimba. Huwaombea watu hao wa mbali kwa dhati, ingawa moyo wangu haupandi wala haushuki. Huomba wawe na jirani asiyeamini wanayoyaamini.

Hapa kwetu wachache sasa ni wengine. Imebaki familia moja inayotambika, upande wa chini karibu na bomba, na watoto wetu wa shule ya Jumapili huwarushia maneno wakipita. Mwaka jana katika kikao cha maji mzee mmoja wa kanisa alipendekeza familia hiyo ichote ya mwisho, baada ya waumini wote, kwa kuwa bomba lililetwa na kanisa. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayepanga zamu. Nilisimama, magoti yakinisumbua, nikasema kwamba maji si komunio. Watu walicheka, pendekezo likafa. Siku hizi familia ile huchota katikati ya wengine, kwa utaratibu wa kufika. Mama wa nyumba ile huja na ndoo zake, huweka chini, huangalia bomba, hujaza, hujitwisha mwenyewe. Zamu ya maji wamepewa. Salamu, bado.